Maneno ya Msafara wa Chuma

Mwaka 1991 bendi nne zilizunguka Marekani ya Kaskazini pamoja: Slayer, Megadeth, Anthrax na Alice in Chains. Ziara hiyo iliitwa Clash of the Titans. Mpe habari hii mhariri wa ukurasa wa burudani aiandike kwa Kiswahili, na umtake aseme wazi nani alikuwa mkubwa, nani mdogo, nani alianza, nani alifunga, nani alibeba maspika na nani aliziba pengo la nani. Atakwama mstari wa pili. Ataandika "ilisindikizwa", kisha "ilisindikizwa" tena, halafu atanyoosha mikono na kuacha Kiingereza kipite.

Maneno tunayo. Kila moja lina kazi yake mahali pengine: kwenye ngoma, kwenye msafara, kwenye ndoa, uwanjani. Ambacho hakijafanyika ni kuyaita kikaoni. Tuyaite leo, moja moja, tuyapime.

Tuanze na jina la muziki wenyewe. "Metali nzito" ni tafsiri ya kisisisi, na tayari ina mwenyewe. Mkemia akiisikia anafikiria risasi na zebaki; mtu wa mazingira anafikiria mto ulioharibiwa na machimbo. Neno likishaota mizizi maabara, kulihamishia jukwaani ni kuwatafutia wasomaji maumivu ya kichwa. Tena "metali" ni neno la darasani. Mtaani hakuna metali; kuna chuma.

Na muziki huu ulizaliwa penye chuma hasa. Black Sabbath walitoka Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza, na albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, baadaye akazilegeza zaidi, na sauti ikashuka chini ikawa nzito kama tunavyoijua. Judas Priest, wa mji huohuo, waliipa albamu yao ya mwaka 1980 jina la British Steel. Kwa hiyo "muziki wa chuma" ni jina lenye cheti cha kuzaliwa.

Halafu Kiswahili kinaongeza zawadi ambayo lugha nyingine haina. Chuma ni kitu, na kuchuma ni kutenda. Tunachuma matunda, tunachuma mali, na pato la mtu ni chumo lake. Bendi hizi siku hizi hazili kwa kuuza santuri. Zinakula kwa kuzunguka, usiku mmoja mji huu, usiku wa pili mji ule. Chuma chao ndicho chumo lao. Mchumia juani hulia kivulini, ingawa wengi wa hawa kivuli hawakitaki, kama tutakavyoona tukifika kwenye kuaga.

Uzito je? Usitupwe, ila uwe sifa badala ya jina. Kiswahili kinaujua uzito wa namna nyingi: sauti nzito, maneno mazito, msiba mzito, mkono mzito wa bahili. Tukisema "chuma kizito" tuwe tunakitofautisha na chuma chepesi kinachopigwa redioni mchana, na msikilizaji ataelewa bila kuambiwa.

Sasa "bendi". Neno hili tumelikopa mara mbili kwa mlango uleule. Mara ya kwanza, mwishoni mwa karne ya 19, watu wa pwani walizitazama bendi za tarumbeta za wazungu, wakachukua jina na gwaride lake, wakazaa "beni": ngoma ya vyama vyenye sare, vyeo na uhasama, Marini upande huu, Arinoti upande ule. Mara ya pili, zama za gitaa, neno lilelile likarudi limevaa suti mpya: bendi. Kwa kundi la wapigaji, bendi inatosha na haina mpinzani. Lakini beni lilibeba kitu ambacho bendi imekisahau. Beni haikuwahi kuwa peke yake. Ilihitaji beni ya pili ya kushindana nayo. Shabiki wa chuma aliyeshona nembo za bendi zake mgongoni mwa jaketi, akaenda kusimama mbele ya wapenzi wa bendi nyingine, ni mwanabeni kamili asiyejijua.

"Mtindo" nalo ni letu, na lina historia. Bendi za dansi za Tanzania zilijitofautisha kwa mitindo: Mlimani Park ikawa na Sikinde, NUTA Jazz na warithi wake wakawa na Msondo, Safari Sound ikawa na Ndekule. Mtindo ulikuwa mdundo, namna ya kucheza, na bendera ya kikundi kwa pamoja. Wapenzi wa chuma nao wamegawanyika kwa mitindo hivyo hivyo: kuna thrashi, kuna duumu, kuna blaki. Wakubali tu majina hayo yaandikwe kwa tahajia yetu, na juu yao likae neno "mtindo". "Tanzu" tuwaachie walimu wa fasihi.

Tukifika kwenye safari ndipo utajiri unapotuchanganya. "Ziara" ndilo neno la kawaida: ziara ya waziri, ziara ya kikazi, ziara ya muziki. Lina adabu ya Kiarabu ndani yake, ndugu wa "kuzuru", na wengi wetu bado tunazuru makaburi na mawalii. Anayefanya ziara hufika, huheshimu, huondoka. Kwa mwanamuziki mmoja anayekwenda mji hadi mji na jina lake, ziara inafaa kabisa. Tatizo linakuja pale wanaozuru wanapokuwa wanne na kila mmoja na mizigo yake.

"Safari" tungeliweza kulitumia, ila limeshachukuliwa na jambo kubwa zaidi. Muulize mwanamuziki yeyote wa Kiswahili habari za maisha yake ya kazi, atakujibu: "Safari yangu ya muziki ilianza mwaka fulani." Hatusemi "taaluma" kwa mtu aliyejifunzia gitaa gereji, wala "ajira" kwa mtu asiye na mwajiri. Tunasema safari. Basi tuliache hapo: safari iwe ni maisha yote ya bendi, tangu jina la kwanza hadi albamu ya mwisho. Ilikuwepo bendi Dar es Salaam iliyojiita Safari Trippers, ya Marijani Rajabu. Jina linalosafiri mara mbili kwa lugha mbili.

Kwa bendi kadhaa zinazozunguka pamoja, neno ni "msafara". Msafara una wengi. Una mpangilio wa nani mbele na nani nyuma, una mizigo, una ugomvi wa njiani, una vituo. Methali yake imeshaandaliwa: kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Kila aliyewahi kuhudhuria onyesho la bendi nne anajua kenge alikuwa nani, ingawa kenge wa leo anaweza kuwa mamba wa kesho. Clash of the Titans haikuwa ziara, ulikuwa msafara.

Na pale msafara unapopiga kambi uwanjani siku mbili tatu na bendi nyingi zaidi, hilo ni "tamasha". Neno hili lilipita Uajemi kabla ya kutufikia, na Waajemi walilitoa kwenye Kiarabu, ambako mzizi wake ni kutembea pamoja. Kutembea kukawa kutazama, kutazama kukawa sherehe. Tulilipokea likiwa tayari na sherehe, lakini miguu yake bado imo ndani.

Msafara hauendi bila wabebaji. Kwa Kiingereza wana jina linalotokana na barabara. Sisi tuna manne, na matatu kati yake yana kasoro. "Hamali" ananukia bandari ya Mombasa na magunia. "Kuli" limebeba dharau. "Fundi mitambo" ni sahihi kwa anayekaa nyuma ya vidhibiti vya sauti, lakini halimtoshi anayepakua lori saa nane usiku. Linabaki "mpagazi", neno la misafara ya karne ya 19, ya watu waliotembea kutoka Unyamwezi hadi pwani na mzigo begani. Lilikuwa jina la kazi yenye ujuzi, na waliokuwa nayo walijivunia.

Nalipendekeza hilo, na sababu yangu ya pili imo ndani ya mzizi. Kupagaa ni kubeba mzigo begani. Kupagawa ni kupandwa na pepo, na magazeti yetu hulitumia kila wiki: mashabiki walipagawa. Kwa hiyo katika usiku mmoja wa chuma mpagazi anabeba maspika, na maspika yanawabeba mashabiki. Wote ni mzizi mmoja. Lugha iliyoweza kufunga fundo hilo haistahili kuazima neno la barabara.

Mpagazi si mtu mdogo katika historia ya chuma. Lemmy, kabla ya kuunda Motörhead, aliwahi kubeba vyombo vya Jimi Hendrix. Mwaka 1986, Metallica wakiwa katika msafara wa Ozzy Osbourne, mwimbaji wao James Hetfield alivunjika mkono akichezea ubao wa magurudumu. Aliyepanda jukwaani kupiga gitaa lake, Hetfield akibaki na kuimba tu, ni mmoja wa watunza magitaa wao, John Marshall. Mwaka 1992 Hetfield alipoungua, Marshall akaitwa tena.

Mtu wa namna ya Marshall, aliyepanda kwa siku chache kuokoa jahazi, tunamwitaje? Wapo watakaopendekeza "mwanamuziki wa muda". Mimi nakwenda stendi. Dereva wa daladala asiye na gari la kudumu, anayeshika usukani siku mwenzake akipumzika, anaitwa "deiwaka". Ni mkopo wa Kiingereza ulionyolewa ukasahau kwao, una sauti yetu na ucheshi wetu, na unasema yote: hana mkataba, anaijua njia, abiria hawajali. Deiwaka wa gitaa. Ukilitamka mara moja halitoki tena.

Anayewaongoza wote njiani naye ana jina. Zamani aliyetangulia mbele ya msafara na bendera aliitwa "kirangozi". Meneja wa ziara, anayejua mpaka gani unafungwa saa ngapi na hoteli ipi inakubali watu wenye nywele ndefu, ni kirangozi mtupu. Iron Maiden walikwenda mbali zaidi: mwaka 2008 walizunguka dunia na ndege yao, mwimbaji Bruce Dickinson akiwa rubani mwenye leseni. Hapo nawakumbusha kuwa "rubani" lenyewe ni neno la baharini, la mjuzi wa miamba na mikondo aliyeingiza chombo bandarini. Limepanda angani bila kubadili herufi hata moja. Nani basi atasema "kirangozi" haliwezi kupanda basi?

Sasa turudi kwenye "kusindikiza", neno lililomkwamisha mhariri. Lina heshima. Mgeni akiondoka kwako unamsindikiza hadi njia panda, mnaagana, unarudi. Kasoro yake ni mwelekeo. Msindikizaji hutoka na mgeni shughuli ikiwa imekwisha. Bendi ndogo hupiga kabla mkubwa hajatokea. Anayekwenda mbele kumpokea mgeni hasindikizi, analaki. Lakini "kulaki" kunampa mdogo sura ya mwenyeji, na bendi ndogo si mwenyeji wa mtu. Mara nyingi hutazamwa kana kwamba imekosea mlango. Sindikiza tuliache kwa mwimbaji anayempokea mwenzake kiitikio.

"Mtangulizi" linavutia, na wanandondi wanalo: mapambano ya utangulizi. Ila kwenye bendi lina kazi nyingine isiyoweza kuachwa. Mtangulizi ni aliyeshika nafasi kabla yako. Ozzy alikuwa mtangulizi wa Ronnie James Dio katika Black Sabbath. Cliff Burton, aliyefariki basi la Metallica lilipopinduka Sweden tarehe 27 Septemba 1986, alikuwa mtangulizi wa Jason Newsted. Na Mswahili husema marehemu ametangulia mbele ya haki. Neno lenye uzito wa namna hiyo tusilipe bendi inayopiga dakika 25 watu wakitafuta viti.

Kwa bendi hiyo napendekeza "kifunguajukwaa". Mfano wake uko nyumbani: kifungua kinywa, kifungua mimba. Linaeleza kazi, linatamkika, na lina wingi mwepesi: vifunguajukwaa. Lina pia kejeli ninayoipenda. Kifungua mimba ni mkubwa wa nyumba. Kifunguajukwaa ni mdogo wa usiku. Lakini ngoja miaka michache. Van Halen waliwafungulia jukwaa Black Sabbath mwaka 1978, na waliokuwepo walirudi nyumbani wakiongea habari za kifungua. Metallica walimfungulia Ozzy mwaka 1986; miaka mitano baadaye wao ndio waliojaza viwanja. Alice in Chains, wadogo wa msafara wa 1991, waliingia kwa sababu bendi iliyopangwa, Death Angel, ilikuwa imepata ajali ya basi. Walirushiwa vitu na mashabiki wa wakubwa. Hawakushuka. Mwaka huohuo wimbo wao "Man in the Box" ulipata watu ambao msafara wote ule usingewafikia. Ukubwa wa kifungua mimba umo ndani ya jina, unasubiri.

Mkubwa mwenyewe, yule wa jina la juu na saa ya mwisho, tumekuwa tukimwita "nguli", "gwiji", "mkongwe". Haya ni maneno ya sifa. Mtu huwa nguli hata akiwa amelala kwake. Tunahitaji neno la nafasi. "Manju" ni zuri lakini ni kiongozi wa waimbaji, mtu mmoja. Nachagua "kinara". Kwanza ni kile kisimamisho cha taa au mshumaa, kinachoinua mwanga watu wote wauone. Waamerika weusi wanaosherehekea Kwanzaa tangu 1966 wanalijua hivyo hivyo, na huweka mishumaa saba juu yake. Sisi tumelipeleka kwenye ligi: timu inayoongoza ni kinara. Mwanga na uongozi kwa pamoja. Bendi kinara ndiyo inayosubiriwa na taa zote.

Na vinara wakiwa wawili au watatu, hakuna anayekubali kuwa chini? Hapa lugha yetu inacheka kabla hatujacheka. "Vinara wenza". Huwezi kusema "mwenza" kwa Kiswahili bila mke mwenza kuchungulia dirishani, na wivu wake, na macho yake kwenye sahani ya mwenzake. Mwaka 1992 Metallica na Guns N' Roses walizunguka Marekani ya Kaskazini wakiwa wenza. Tarehe 8 Agosti, mjini Montreal, Hetfield aliungua kwa fataki za jukwaani, Metallica wakakatisha. Guns N' Roses wakachelewa kupanda, kisha mwimbaji wao Axl Rose naye akakatisha, na uwanja ukageuka vurugu. Ukewenza una siku zake mbaya.

Msafara wa 1991 ulikuwa na dawa, na dawa hiyo ina jina la Kiswahili kabla ya kuwa na jina la Kiingereza: "zamu". Slayer, Megadeth na Anthrax walibadilishana kufunga usiku. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kila mume mwenye wake zaidi ya mmoja angewafundisha hesabu hiyo.

Bango linapomtaja mtu wa katikati, asiye kifungua wala kinara, Kiingereza humheshimu kwa kumwita mgeni. Tahadhari: "mgeni rasmi" kwetu ni mheshimiwa anayechelewa saa mbili, akafika akahutubia. Tuseme "mgeni mwalikwa", yatosha.

Sasa majabali. Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax kwa pamoja huitwa wanne wakubwa, na walikaa karibu miaka 30 bila kukusanyika jukwaa moja, hadi Warsaw, tarehe 16 Juni 2010. Tafsiri ya haraka ni "vigogo wanne", lakini vigogo wetu hupatikana zaidi kwenye kesi za ufisadi. Tuna "jabali", na limeshafanya kazi hii: Marijani Rajabu yuleyule aliitwa Jabali la Muziki wakati chuma hakijafika masikioni mwetu. Clash of the Titans kwa Kiswahili changu ni "Mpambano wa Majabali", na "mpambano" nimelichukua kwenye mabango ya Msondo na Sikinde, watani wa jadi.

Kwa wale wanne, naacha jabali na kuchukua "mwamba": Miamba Minne. Mwamba ni jiwe, na wanamichezo wamekwisha kuzoea kusema miamba ya soka. Lakini kuna mwamba wa pili, asiye jiwe: ni yule anayewamba ngoma, anayevuta ngozi juu ya mzinga. Mwamba ngozi huvutia kwake. Ndani ya neno moja kuna jiwe, kuna ngoma, na kuna tabia ya kila bendi katika msafara wa kugawana. Sijui lugha nyingine iliyopewa sadfa kama hii bila jasho.

Kwa kuingia na kutoka kwa wanamuziki, magazeti yetu ya michezo na dansi yana ghala la vitenzi, na kila kimoja kinatoa hukumu. "Kuhama" hakuna ubaya. "Kujiengua" ni kuondoka kwa hiari na kwa heshima zako. "Kutemwa" ni kama mbegu ya chungwa. "Kutimuliwa" ni kwa vumbi. Ozzy alitimuliwa Black Sabbath mwaka 1979. Dave Mustaine alitimuliwa Metallica Aprili 1983, akaunda Megadeth. Bruce Dickinson alijiengua Iron Maiden mwaka 1993. Muhidin Maalim Gurumo alihama kutoka Msondo kwenda Sikinde, kisha Ndekule, kisha akarudi Msondo, na hakuna shabiki wa dansi aliyehitaji kuelezwa. Mwandishi wa chuma asiseme tu "aliondoka"; achague kitenzi, abebe dhamana.

Kurudi nako kuna daraja. "Kuungana tena" ni kwa mabomba ya maji. Watu hurudiana, na sheria ya ndoa ya Kiislamu imetupa kipimo: kuna talaka rejea, na kuna talaka tatu. Dickinson aliporudi Iron Maiden mwaka 1999 ilikuwa rejea, na ndoa imedumu. Mustaine na Metallica ilikuwa tatu. Walipopiga pamoja mwaka 2010 walikutana kama watalaka wanavyokutana kwenye harusi ya mtoto: kwa tabasamu, mbele ya watu.

Mwisho wa yote ni kuaga, na hapa nina ugomvi na wahariri. Kila bendi ikitangaza ziara ya mwisho wanaandika "buriani". Ozzy alitangaza ziara ya mwisho mwaka 1992, akarudi mwaka 1995. Mötley Crüe walisaini hati ya kisheria mwaka 2014 kuwa hawatazunguka tena baada ya 2015. Mwaka 2022 walikuwa barabarani na Def Leppard. Slayer walifunga Novemba 2019, wakapanda jukwaani tena 2024. Mwanasoka akitundika daluga tunamwamini. Hawa wanatundika gitaa kwenye msumari wa karibu na mlango.

Buriani ni kuagana kwa kutakana radhi, kama watu wasiotarajia kuonana. Kwa hawa lipo neno lenye uaminifu zaidi, nalo husemwa kila siku barazani: "kwaheri ya kuonana". Ziara ya kwaheri ya kuonana. Mashabiki wapewe habari hiyo kabla hawajalipa kiingilio. Buriani tuitunze kwa Motörhead, waliosimama Lemmy alipofariki tarehe 28 Desemba 2015, na kwa Ozzy, aliyeimba Birmingham kwenye kiti tarehe 5 Julai 2025 na kufariki siku 17 baadaye.

Chuma kimefika kwetu. Nairobi imetoa Duma, wawili waliotoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina la bendi ni giza kwa Kikikuyu na mnyama wa mbio kwetu. Jina la lebo ni hamu ya kucheza kwa Mganda, na kwa Mswahili ni neno la kusemwa watoto wakishalala. Watangazaji watahitaji kuwataja hawa kwa Kiswahili kilichonyooka, na hakuna baraza litakalowahi kufanya kazi hiyo kwa niaba yao.

Maana "istilahi" lenyewe ni Kiarabu cha kukubaliana, mzizi mmoja na "suluhu" na "maslahi". Halijawahi kuwa amri. Neno huwa istilahi siku wazungumzaji wanapolikubali, si siku linapochapishwa. Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, yachukue haya yote yakiwa mapendekezo: kinara, kifunguajukwaa, vinara wenza, mpagazi, deiwaka, kirangozi, miamba, kwaheri ya kuonana. Yajaribu kwenye kipindi chako, kwenye kichwa cha habari, kwenye ubishi wa kijiweni. Lile linalokwama kinywani lipe jingine bora na ulitangaze. Lile linalopita, usiliweke kwenye alama za mtajo tena.